Siku Nilipokuigiza Msibani

Mtani,

Leo sikutukani. Miaka thelathini hatukuwahi kuanza mazungumzo bila tusi, mimi Msukuma na wewe Mzaramo, na mara yangu ya kwanza kukosa tusi ndiyo hii ambayo huwezi kunijibu.

Cheti chako cha kifo kimeandikwa kiharusi. Nimekisoma mara kadhaa, kina mhuri na sahihi, na ninakipinga kama ninavyopinga kila kitu chenye mhuri. Hakijasema uongo. Kimesema nusu. Kiharusi ndicho kilichokuangusha uani Alhamisi ile mchana, hilo tulilishuhudia. Lakini kabla ya Alhamisi kulikuwa na miaka miwili, na miaka hiyo haimo kwenye cheti, haikutajwa msibani, haimo popote. Naiandika hapa. Na siandiki kwa ajili yako peke yako. Mkeo Mwajuma ameshikwa na ugonjwa ule ule uliokumaliza wewe. Niko katikati ya kumvusha, sijui kama tutafika, na sina mtu mwingine wa kumweleza ambaye nimemkosea kiasi hiki.

Nianze na kopo. Siku ya tatu baada ya maziko Mwajuma aliwatuma watu kibandani kwako Mkuyuni wakamletee vifaa vyako kabla wajanja hawajavikusanya. Akafungua lile kopo la maziwa ya unga ulilokuwa ukiwekea viraka vya tyubu. Viraka vilikuwa juu. Chini yake kulikuwa na vidonge vyako vya presha, vya miezi na miezi. Kila asubuhi ulipokea kidonge mkononi mwake na kikombe cha maji, ukanywa maji, ukaenda kazini na kidonge shavuni. Kaka yako Athumani alisema masikini alikuwa anasahau. Mtu anayesahau hafichi. Hukusahau kumeza, Mtani. Ulikuwa huoni sababu ya kumeza.

Na sisi tulikuwa tunaona nini? Tulikuwa tunaona kila kitu, hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Hakuna kilichofichwa zaidi ya vidonge. Wewe ulikuwa fundi wa kunyoosha ringi iliyopinda kwa kuitazama kwa jicho moja, ukiizungusha, ukikaza spoki moja hapa, ukilegeza nyingine pale, huku mdomo wako ukiendelea kuwasimanga Wasukuma wote tangu mababu. Halafu mzee mmoja wa Buhongwa akakuachia baiskeli yenye pancha. Pancha tu. Alirudi siku ya nne akaikuta bado imepinduliwa, tandiko chini, magurudumu juu, na wewe umekaa pembeni yake kama mtu anayesubiri kuitwa jina kwenye foleni ya hospitali. Ukamwambia arudi kesho. Yule mzee alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye mwenye kibanda, nami nikamwambia kuwa Wazaramo kazi wanaifanya kwa kuota.

Ulikonda mpaka suruali ukaifunga kwa kipande cha tyubu. Tukakuita mwanamitindo. Sato wa kuchemsha, ambaye ulikuwa ukimla mpaka macho, ulimsogeza pembeni ukasema unatafuna pamba. Tukasema Mwajuma amepunguza chumvi. Ulikuwa unaamka kabla ya adhana ya kwanza na kukaa ukingoni mwa kitanda hadi kuche. Mwajuma alilisema hilo mbele yetu, nasi tukacheka tukisema uzee umebisha hodi. Na drafti! Wewe uliyenifunga mchana kweupe mbele ya wanafunzi wangu, ulianza kuniachia kete bila kuziona. Nilikushinda mara tisa mfululizo. Nikaenda kutangaza ushindi wangu kuanzia Mkuyuni hadi Nyamagana. Mtu mwenye akili angejiuliza imekuwaje. Mimi nilitangaza ushindi.

Ulikwenda zahanati, hilo sikunyimi. Ulikwenda zaidi ya wengi. Ulikuwa na kichwa kinachowaka moto, kifua kizito kama kimekaliwa, mgongo, tumbo. Ile zahanati ya jirani, ambayo siitaji jina kwa kuwa ziko nyingi za namna yake, ilikupima damu na kila mara ikakukuta na taifodi. Ulikwenda na kichwa ukarudi na taifodi, ulikwenda na mgongo ukarudi na taifodi. Ulichomwa sindano za taifodi mpaka ukawa unakaa upande. Mara zote hizo hakuna aliyekuuliza swali ambalo halihitaji hata tone la damu: unalalaje, na je, bado kuna kitu kinachokufurahisha? Ungejibu. Nakufahamu, ungejibu kwa mzaha, lakini ungejibu.

Kaka Athumani yeye alikuwa na dawa yake. Nchi hii ina dawa moja inayogawiwa kila kona, haina kipimo wala tarehe ya kuisha, nayo ni jikaze. Jikaze, wewe ni mwanamume. Jikaze, wenzako wana shida kuliko zako. Dawa hiyo hupewa mjane, mwanafunzi aliyefeli, mzazi aliyezika mtoto, na askari aliyerudi vitani. Miaka yote uliyofanya kazi ile kibandani hukuwahi kuiambia pancha ijikaze. Ulitafuta tundu. Wewe hakuna aliyekutafutia tundu.

Nimewashambulia wengine vya kutosha. Sasa zamu yangu.

Siku tuliyofahamiana nilikuwa mwalimu mpya, baiskeli yangu imepinda ringi ya nyuma. Ukaniuliza kwetu wapi, nikakwambia Kwimba. Bila kusema neno ukainyoosha ringi, halafu ukang'oa tandiko, ukalifungia ndani ya sanduku lako, ukasema nitalipata siku Wasukuma watakapojifunza kukaa kwenye viti. Nikaendesha kwa kusimama kutoka Mkuyuni mpaka nyumbani, watu wakinicheka njia nzima, nami sikukasirika, kwa sababu mtani hana ruhusa ya kukasirika. Wiki iliyofuata nilikuja kukuibia pampu. Tangu siku hiyo hatukuwahi kuongea neno moja la kweli bila kulivisha mzaha. Nilikuwa ninajivunia. Nimewahi kusema redioni kwamba utani wa makabila yetu ni hazina, kwamba watu wanaoweza kutukanana bila kuchukiana hawawezi kupigana. Bado naamini hivyo. Lakini sikusema, kwa kuwa sikujua, kwamba mtu anaweza kufa ndani ya utani huku watani wake wote wanamtazama.

Mtani ndiye anayechimba kaburi. Ndiyo desturi. Kwa hiyo ulipotaka kuniambia kwamba unakufa, uliniambia kwa njia pekee tuliyokuwa nayo. Mara ya kwanza ilikuwa siku ya mvua, tumejibanza kibandani. Ukasema, "Mtani, andaa jembe." Nikajibu kwamba nimelinoa tangu mwaka juzi, wewe ndiye unayechelewesha kazi. Mara ya pili uliniambia pale kijiweni, wenzetu wakisikia, nami nikasema Mzaramo hafi, huwa anaazima kifo kisha harudishi. Vicheko. Mara ya tatu hukutaja jembe. Ulikuwa umeshika kikombe cha kahawa ambacho hukukinywa, ukasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Mtani, nimechoka kuwa hai."

Nami nikakujibu, mbele ya watu saba, "Umechokea kazi gani? Hata kuishi kwenyewe unaishi kwa kukaa."

Walicheka mpaka muuza kahawa akaweka birika chini. Wewe pia ulicheka. Ulicheka ukiwa umechelewa kidogo, kama mtu anayesikia habari kutoka chumba cha pili. Nimeukumbuka uchelewaji ule kila siku tangu ufe. Siku ile sikuuona. Nilikuwa nimefurahia jibu langu.

Na wiki hiyo hiyo, sikiliza hili, gazeti lilitoa makala yangu kuhusu taifa lililokata tamaa. Nililiita taifa lenye sonona. Neno ninalijua. Nimelitumia kwa miaka, ninalipenda linavyokaa kwenye sentensi. Neno hilo nililigawa kwa bunge, nikaligawa kwa vyama vya ushirika, nikaligawa kwa kizazi kizima cha wasomi. Mtu mmoja aliyekuwa nalo kweli, aliyekuwa amekaa mita moja kutoka kwangu na kikombe kinapoa, sikumpa.

Ukafa. Tukaja msibani, na watani tukafanya kazi yetu. Tulichimba. Tulizuia jeneza mlangoni mpaka ndugu zako wakatubembeleza. Halafu wakanitaka nikuigize, maana hakuna aliyekufahamu kuliko mimi. Nikaanza na unavyofumba jicho moja mbele ya ringi. Wakacheka. Nikaiga unavyotema mate kabla ya kuwataja Wasukuma. Wakacheka zaidi, hata Athumani. Kisha mtu akapaza sauti nyuma kwamba niwaonyeshe Shomari wa siku hizi. Nikakaa chini kwenye mkeka, nikashika spana, nikaangusha kidevu kifuani, mabega yakalegea, macho yakatua kwenye ardhi mbele ya miguu yangu. Nikanyamaza hivyo hivyo. Watu walikuwa wakishikana mbavu. Huyo huyo, walisema, huyo huyo kabisa.

Sikuweza kuinuka, Mtani. Sisemi kwamba mwili ulikataa, mwili ulikuwa mzima. Lakini nilipokaa kama ulivyokuwa ukikaa nilihisi shingo ilivyokuwa nzito, nikahisi spana haina maana mkononi, na sauti za watu zikaja kutoka mbali. Nilikaa hivyo labda dakika moja. Wewe ulikaa hivyo miaka miwili. Nilielewa pale, juu ya mkeka, katikati ya vicheko, kwamba huyu hakuwa mvivu wala mzee wala mgonjwa wa taifodi. Nilipoinua macho, mlango wa chumba cha wanawake ulikuwa wazi kidogo na Mwajuma alikuwa ananitazama. Yeye hakucheka. Yeye ndiye aliyekuwa akiishi na hicho nilichokuwa nikikiigiza.

Ungedhani mtu aliyeelewa angefanya kitu. Nilifanya ninachofanya siku zote. Nilisoma. Nilitafuta vitabu, nikaandika kurasa na kurasa za kuishitaki zahanati, kuishitaki wizara, kuushitaki uanaume wetu. Nilitaka makala ya sehemu nne. Kumbe wakati mimi ninaandaa mashitaka ya maiti, aliye hai alikuwa anazama hatua thelathini kutoka kwenye meza yangu.

Hakuna aliyemwona kwa sababu alikuwa edani. Miezi minne na siku kumi mjane hukaa ndani, havai cha kung'aa, hajipaki manukato, hatoki bila shida ya lazima. Siisemi vibaya eda, wengi imewapa mahali pa kulilia. Lakini mwanamke anapotakiwa kukaa ndani, nani atagundua kwamba hawezi kutoka? Akila kidogo, walisema anaomboleza vizuri. Alipoacha kuongea wakamsifu kwa utulivu. Mimi mwenyewe nilimsifu. Nilimwambia mke wangu kwamba Mwajuma ana subira ya ajabu. Ugonjwa ulijificha ndani ya desturi yenu kama ulivyojificha ndani ya utani wetu, nami nikapita mlangoni mara ya pili.

Eda ikaisha. Wanawake wakaja, wakamwogesha, wakamvisha kanga mpya. Walipoondoka akaivua, akarudia ile ya zamani, akarudi kitandani. Mwezi ukapita, na wa pili ukapita. Mke wangu alikwenda kumtazama akarudi akaniita jikoni. Akaniambia kwamba Mwajuma hali chakula, haogi bila kusukumwa, anasema yeye ndiye aliyekuua kwa kutolichungulia lile kopo. Anasema nyumba ingekuwa na nafuu bila yeye.

"Bujiku," mke wangu akasema, "huyu anakwenda alikokwenda mumewe. Wewe utaandika tena?"

Sikuandika tena. Nilikwenda nyumbani kwako jioni ile. Nikamwamkia Athumani shikamoo, akaitikia marahaba kwa shingo upande, nikasema nimekuja ili Mwajuma apelekwe hospitali. Akasema ni huzuni tu, mke mwema lazima ahuzunike. Shangazi yako akasema lipo jini, na yupo mtu Magu anayelijua. Wakabishana wenyewe kwa wenyewe kati ya huzuni na jini, ilhali mwenyewe yupo chumba cha pili anasikia anavyogawanywa.

Sheikh wenu alikuwepo, kwa kuwa alikuwa anakuja kumsomea kila Ijumaa. Nilijiandaa kupambana naye. Nina hoja nyingi dhidi ya watu wa dini, unazijua, umezicheka zote. Akasubiri wanyamaze, akasema, "Dua nimesoma na nitaendelea kusoma. Lakini Shomari alipopimwa presha, mlimpa dua peke yake?" Sikuwahi kushinda hoja kwa furaha namna ile, na hoja yenyewe haikuwa yangu.

Athumani bado alikataa. Akasema heshima ya nyumba, akasema watu wataita mke wa marehemu kichaa. Basi nikakaa chini kizingitini, mgongo kwenye mwimo huu, miguu kwenye mwimo ule, kama tulivyokaa kulizuia jeneza lako. Nikasema haingii mtu, hatoki mtu, na chakula cha usiku nitakula hapa.

"Mwalimu," Athumani akasema, "hili si jambo la utani."

Nikamwambia ndiyo maana nimekuja na utani, kwa kuwa bila utani ningemtukana kweli kweli. Jirani mmoja akacheka. Athumani akaangalia pembeni, maana alijua kama nilivyojua mimi kwamba hawezi kumwondoa mtani kwa nguvu bila kujiaibisha. Nilikuwa tayari kukaa mpaka asubuhi. Lakini Mwajuma akatokea mlangoni mwa chumba chake, ameshika ukuta, sauti yake ndogo kama ya mtu aliyeamshwa.

"Mwacheni shemeji ainuke. Nitakwenda. Ila si hapa mjini."

Alitaka ng'ambo ya ziwa, ambako hakuna anayemfahamu. Tukavuka kwa kivuko, mimi, yeye na mke wangu, tukaenda Sengerema. Njia nzima juu ya maji hakutazama maji. Tulipokelewa na muuguzi wa afya ya akili, mama wa makamo mwenye daftari lililochakaa na subira ambayo sijaiona ofisini popote. Mwajuma alimtaka mke wangu akae pembeni yake na mimi nikae mlangoni. Kwa hiyo nilisikia. Muuguzi alimuuliza analalaje. Alimuuliza kuhusu chakula, kuhusu nguvu, kuhusu kama anaweza kufuatilia taarifa ya habari mpaka mwisho. Alimuuliza zamani alipenda nini na mara ya mwisho alikipenda lini. Alimuuliza kama anajilaumu. Na kila jibu la Mwajuma nililisikia kwa sauti yako. Maswali yale yale ungeulizwa wewe, ungepata yote.

Kisha akamuuliza, waziwazi, bila kushusha macho, "Huwa unafikiria kufa, au kujidhuru?"

Nilitaka kuingilia. Niliona ni ukatili, niliona anampandikizia wazo. Mwajuma akavuta pumzi, akasema, "Kufa nafikiria kila siku, mama. Kujidhuru bado. Hakuna aliyeniuliza." Akalia. Ilikuwa mara ya kwanza kulia tangu tukuzike. Baadaye, nje, nilimuuliza muuguzi kama swali lile si hatari, na akanitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wavivu. "Mzee wangu, unadhani hakuwa akiliwaza mpaka nilipouliza mimi?"

Alitueleza kwa maneno mepesi. Huzuni ya msiba, alisema, huja na kupungua. Mtu hulia, kisha humkumbuka marehemu akacheka, kisha hulia tena, na bado hujiona yeye ni mtu. Hii ya Mwajuma haina mapumziko, inamla usingizi na chakula kwa miezi, na inamwambia kwamba hana thamani. Huo ni ugonjwa, unatibika. Wakampima damu na presha ili wajue hakuna kingine kinachojificha, kisha daktari akaandika kidonge kimoja kila asubuhi, na kila wiki mbili aje aongee na muuguzi. Muuguzi akasema vidonge vikae kwa mke wangu, asiachwe peke yake majuma ya mwanzo, na yale mawazo yakizidi tusisubiri tarehe, tuje siku hiyo hiyo au twende hospitali iliyo karibu. Akasema pia tusitegemee nafuu kesho. Kero za dawa huja kwanza.

Kero ilikuja kwanza kweli. Kinywa kilikauka, tumbo likachafuka. Wiki ya pili Mwajuma akasema dawa hii ni ya bure, na mimi, mwanasheria wa marehemu, mpiganaji wa kalamu, nilikuwa karibu kumkubalia. Mke wangu ndiye aliyekataa. Kila asubuhi alikwenda na kidonge na uji, akasubiri, akamwambia afungue kinywa. Wakaanza kutembea kila siku, kama muuguzi alivyoagiza, mwanzoni mpaka kwenye bomba na kurudi, halafu mpaka sokoni. Wiki ya tatu sikuona tofauti. Wiki ya nne alilala mpaka jua likatoka. Wiki ya tano alisema mboga haina chumvi.

Wiki ya sita nilikwenda na viazi vitamu. Nikavua viatu mlangoni, nikaketi. Mwajuma alikuwa anapepeta mchele. Akazitazama soksi zangu muda mrefu.

"Shemeji, hizo soksi ni zile zile za msibani? Au Wasukuma huwa mnasubiri mzikwe nazo?"

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya nyumba, na sitakwambia nilichofanya huko. Niliporudi nilimjibu tusi la wastani, sikutaka kuharibu.

Wiki sita, Mtani. Kidonge kimoja, mwanamke mwenye daftari, mke wangu na bakuli la uji. Hicho ndicho kilichokuwa kinahitajika. Sisemi kwamba kila mtu hupona kwa wiki sita, muuguzi ametuambia wengine hubadilishiwa dawa na wengine huchukua muda mrefu. Lakini wewe hukupewa hata siku moja. Ulikuwa na miaka miwili, na upande wa pili wa maji kulikuwa na mtu wa kukuuliza maswali, na mimi nilikuwa na nauli na muda na mdomo. Nilikupa majibu ya kuchekesha. Watu husema nisijilaumu, sikujua. Ninawajibu kwamba kutojua si kosa, lakini nilikuwa nimekaa mita moja, na wewe ulisema.

Sikuombi radhi. Radhi yangu ungeigeuza mzaha, nami ningecheka, na tungerudi pale pale.

Nikupe habari za mwisho. Tangu wiki ya sita limepita juma moja na siku kadhaa. Mwajuma anapika, anatembea, juzi alimfukuza Athumani jikoni. Na sasa anasema amepona. Anasema Jumatano haendi Sengerema, nguo za kufua ni nyingi, kivuko kinamchosha, na vidonge anaona bora aviache kabla mwili haujavizoea. Muuguzi alitutahadharisha kuhusu siku hii hii. Alisema mtu akijisikia vizuri ndipo huacha, na anayeacha mapema hurudi chini. Vidonge vinaendelea miezi mingi baada ya nafuu, na kuviacha ni kwa daktari, polepole. Nilimweleza Mwajuma hayo jana. Akaniambia mimi si daktari, mimi ni mwalimu mstaafu mwenye kelele.

Ni kweli. Kelele ninazo, na ugomvi ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote, mara nyingi mahali pasipostahili. Huu nimeupata unaostahili, na upande wa pili yuko mtu hai anayeweza kunijibu.

Kwaheri, Shomari. Hili ndilo jina lako, sijui kama niliwahi kukuita nalo. Nakuahidi jambo moja, dogo, lenye siku na saa. Jumatano saa moja asubuhi nitakuwa nimesimama uani kwako. Akinitukana nitamshukuru. Akikataa nitabishana naye, na akishinda hoja zangu zote nitabishana tena, mpaka tupande kivuko.

Bujiku